Namanga kwa Mfanyabiashara Mdogo wa Nairobi: Jengo Zuri, Makaratasi Bado Mtihani

Huduma inayopimwa hapa ni kituo cha pamoja cha mpakani cha Namanga, kati ya Kenya na Tanzania, pamoja na utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaotolewa humo ndani. Inapimwa kwa macho ya mtu wa masoko ya Nairobi kama Marikiti, Gikomba au Nyamakima anayeenda Arusha kununua au kuuza mzigo wa lori dogo. Kampuni kubwa zina mawakala wa kuzihangaikia.

Hukumu itangulie. Forodha na uhamiaji wa nchi hizi mbili vimeungana kweli, na kwa hilo kituo kinastahili sifa. Taasisi za afya ya mimea, mifugo na viwango vya ubora hazijaungana. Zimepewa tu madawati chini ya paa moja, huku kila moja ikisubiri karatasi kutoka makao yake makuu. Ndiyo maana mzigo unaoonekana kukwama Namanga mara nyingi ulikwama Nairobi au Arusha, kabla hata injini haijawashwa.

Jengo na mpangilio wake

Kutoka Nairobi ni takriban kilomita 165 kwa barabara ya A104, kupitia Kitengela, Isinya, Kajiado na Bisil. Ukivuka unabakisha kama kilomita 110 kufika Arusha, ukipita Longido. Kituo kilizinduliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018 na Rais Uhuru Kenyatta pamoja na Rais John Magufuli, na kinafanya kazi saa 24. Sheria ya Jumuiya kuhusu vituo vya aina hii ni ya mwaka 2016, na ndiyo inayomruhusu afisa wa Kenya kugonga muhuri wake akiwa amekaa upande wa Tanzania, na wa Tanzania kufanya vivyo hivyo upande wa Kenya.

Kanuni ya kituo ni moja: unasimama katika nchi unayoingia. Ukienda Arusha, unalipita jengo la Kenya bila kusimama, unavuka, na kusimama kwenye jengo la upande wa Tanzania, ambako kaunta ya Kenya ya kutokea na kaunta ya Tanzania ya kuingilia ziko ukumbi mmoja. Ukirudi ni kinyume chake. Madereva wa mabasi madogo ya Nairobi–Arusha wanalijua hili kama jina lao. Anayekosea ni mwenye gari lake, ambaye huona bendera ya Kenya, akaegesha, akapanga foleni ya watu wanaoingia Kenya, kisha akaambiwa hapo sipo. Foleni ikiwa ndefu, hilo ni saa nzima limepotea.

Ndani ya ukumbi, mtiririko ni afya, kisha kutoka, kisha kuingia, kisha mizigo kwenye mashine ya kukagua. Hakikisha mihuri yote miwili imegongwa kabla ya kuondoka kaunta. Muhuri wa kutoka ukikosekana hakuna atakayekusumbua siku hiyo; utasumbuliwa wakati wa kurudi, utakapoulizwa ulitokaje Kenya.

Alama ziko Kiswahili na Kiingereza, maafisa wa pande zote wanazungumza Kiswahili, na msafiri akieleza shida yake anaeleweka. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosifiwa. Mpaka wenyewe umekata jamii moja ya Wamaasai katikati, na watu wa Namanga wamekuwa wakivuka kwenda mnadani na harusini tangu kabla ya ofisi yoyote kujengwa hapo. Kituo kimefanya vizuri kutojifanya ukuta.

Hati za mtu mwenyewe

Hapa ndipo Mkenya aliyezoea Busia, mpakani na Uganda, hukwama. Tangu 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zinakubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo kwenye mpango huo. Namanga inataka pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na uhamiaji wa Kenya. Ombi la hati hiyo hufanywa kupitia eCitizen. Limalize ukiwa Nairobi, kwa sababu mpakani intaneti ikilala nawe unalala.

Mkenya hahitaji viza. Kanuni za Soko la Pamoja, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, zinataja ruhusa ya kukaa hadi miezi 6 bila malipo. Lakini linalokubana ni kile afisa alichoandika kwenye muhuri wako, kwa hiyo soma tarehe hapo hapo kaunta. Kuomba marekebisho dirishani ni dakika mbili, ilhali ukigundua ukiwa Arusha mjini itabidi uende ofisi ya uhamiaji na kupanga foleni upya.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinaulizwa. Chanjo huhesabiwa kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, hivyo kuchanjwa jana ili usafiri kesho hakusaidii. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti kimoja kinatosha maisha yote chini ya kanuni za Shirika la Afya Duniani, hata kama kile chako cha zamani kimeandikwa miaka 10. Afisa akisema kimekwisha muda, mweleze hivyo kwa upole na umwombe amwite msimamizi.

Mtoto asafiri na hati yake mwenyewe, na akiwa na mzazi mmoja tu, abebe barua ya ridhaa ya mzazi wa pili. Mifuko ya plastiki iache nyumbani: Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019.

Utaratibu rahisi wa biashara: kitu bora kabisa hapo Namanga

Huduma hii haina bango kubwa, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote. Mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, unavuka kwa cheti rahisi cha asili. Kinajazwa na kutolewa papo hapo mpakani na afisa wa forodha wa nchi mzigo unakotoka, bure, bila wakala. Kikikubaliwa, ushuru wa forodha ni sifuri.

Thamani ya karatasi hiyo unaiona ukijua kinachotozwa wasio nayo. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya dhidi ya bidhaa za nje una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35. Juu ya ngazi hizo kuna bidhaa nyeti: mahindi kutoka nje ya Jumuiya ni asilimia 50, sukari ni 100. Mchele umewekwa asilimia 75, ingawa Kenya kwa miaka mingi imepewa ruhusa ya kutoza 35. Mchele wa Mbeya usio na cheti cha asili, machoni pa forodha, hauna tofauti na mchele wa Pakistan.

Mlolongo ni huu. Andaa ankara yenye jina la muuzaji, jina la mnunuzi, bidhaa, kilo, bei kwa kilo na jumla. Upande wa Tanzania dai risiti ya mashine ya kodi, EFD. Upande wa Kenya, ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya mapato, KRA. Ukinunua mnadani kwa mkulima asiye na mashine, andikishianeni hati ya mauzo yenye majina, kilo, bei na sahihi. Mpelekee afisa ankara na mzigo, yeye anakagua asili na thamani, anajaza cheti, unatia sahihi, anagonga muhuri. Cheti kinakabidhiwa forodha ya nchi unayoingia, kaunta ya jirani, na kinafanya kazi kwa mzigo huo mmoja tu. Usikitunze kwa safari ijayo.

Dola 2,000 ni kiasi gani cha mzigo? Kwa kiwango cha Sh 129 za Kenya kwa dola ni Sh 258,000. Tuseme mahindi yamenunuliwa Sh 40 kwa kilo: unapata kilo 6,450, yaani magunia 71 ya kilo 90. Canter nzima ya mahindi inaingia na nafasi inabaki. Maharage ya Sh 120 kwa kilo yanakomea kilo 2,150, magunia 23 na kitu. Kwa hiyo mwenye mahindi hana sababu ya kumlipa wakala, na mwenye maharage inabidi apige hesabu kabla ya kupakia. Hesabu hiyo ipige kwa kilo, kamwe si kwa gunia. Gunia la mahindi Kenya huhesabiwa kilo 90, Tanzania 100, na anayeagiza "magunia 70" ya mahindi kwa simu bila kutaja uzito anaweza kujikuta amevuka kikomo kwa zaidi ya tani nusu ambayo hakuipanga. Forodha nayo hutumia kiwango chake rasmi cha kubadilisha fedha, si kile ulichopewa na mbadilishaji wa mtaani, kwa hiyo acha nafasi ya asilimia chache chini ya kikomo.

Kosa linalojirudia ni kupasua mzigo mmoja wa dola 5,000 kuwa vyeti vitatu vya mtu mmoja ndani ya lori moja. Afisa anaona lori, anaona jina, anakataa vyote. Wafanyabiashara watatu tofauti wanaweza kukodi lori pamoja, lakini kila mmoja awe na ankara yake, cheti chake, na alama ya rangi kwenye magunia yake ili ukaguzi uyatenganishe. Ukivuka dola 2,000 kwa haki, unahitaji cheti cha kawaida cha asili cha Jumuiya na wakala wa forodha mwenye leseni, ambaye Kenya hupatikana kwenye orodha ya KRA. Mtu anayekufuata kwenye maegesho akisema anajua njia ya mkato hayumo kwenye orodha hiyo.

Kosa la pili ni kuelewa "bila ushuru" kuwa bila malipo yoyote. Kinachofutwa ni ushuru wa forodha. Kodi ya ongezeko la thamani iko palepale, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania bara, kwa bidhaa zinazotozwa kodi hiyo nyumbani. Mazao ambayo hayajasindikwa kwa kawaida yamesamehewa. Sabuni na ndoo za plastiki hazijasamehewa. Ushuru wa bidhaa kama vileo nao haufutwi. Ada za ukaguzi wa mimea na viwango, na tozo za kaunti au halmashauri, zote zinabaki.

La tatu ni asili yenyewe. Mitumba ya Gikomba, hata ikichambuliwa, ikapigwa pasi na kufungwa upya Nairobi, haigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki. Kitenge kilichochapwa China hali kadhalika. Bidhaa ya kiwandani huhesabiwa ya Jumuiya ikiwa imezalishwa humu yote, au imebadilishwa vya kutosha kwa kanuni za mwaka 2015. Hata kiwanda kikubwa kinaweza kunasa hapa: mwaka 2018 Tanzania ilizitoza peremende na chokoleti za Kenya asilimia 25 kwa hoja kwamba sukari iliyotumika iliingizwa kwa nafuu ya ushuru. Kwa hiyo mwenye duka anayepeleka peremende za Nairobi Arusha anunue kwa mtengenezaji anayeweza kumpa cheti, asitegemee maandishi ya "Made in Kenya" kwenye karatasi.

Mahindi, au mahali mambo yanapoharibikia

Kama kuna bidhaa inayoonyesha mpaka huu unavyofanya kazi nusu nusu, ni mahindi. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya, AFA, ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu (aflatoxin), sumu ya ukungu wa nafaka. Siku chache baadaye zuio likaondolewa, likaacha masharti nyuma yake: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha kuonyesha kiwango cha sumukuvu, na asili yake ithibitishwe.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinasema unyevu usizidi asilimia 13.5, sumukuvu yote isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina ya B1 isizidi 5. Nchi zote mbili zimekubali namba hizo. Tatizo ni kwamba kukubaliana namba si kukubaliana karatasi. Mzigo uliopimwa upande mmoja unaweza kupimwa tena upande wa pili, na ada ya sampuli ni ile ile kwa mwenye magunia 20 na mwenye 300. Aliyetunga kikomo cha dola 2,000 alimfikiria mfanyabiashara mdogo. Aliyetunga ada ya maabara hakumfikiria. Cheti cha asili ni bure, kisha kipimo kinakula faida ya magunia kadhaa. Hii ndiyo dosari kubwa ya huduma nzima, na hakuna afisa wa dirishani anayeweza kukuondolea.

Unachoweza ni kupunguza nafasi ya kufeli. Wengi wanategemea jaribio la chupa na chumvi: chupa kavu, mahindi hadi theluthi, vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi ni mabichi. Jaribio hilo ni zuri, ila linashika unyevu wa kuanzia karibu asilimia 15. Mahindi ya asilimia 14.5 yatapita chupani na yatafeli mpakani. Mzigo wa kuvuka unahitaji kipimo cha mkononi cha umeme, na ukinunua kwa ghala la Arusha mwenye ghala atakuwa nacho. Mwambie apime mbele yako, magunia ya juu, ya kati na ya chini.

Sumukuvu haisambai sawa. Gunia moja bovu ndani ya 70 linaweza kufelisha mzigo mzima kama bambo, chuma chenye ncha cha kutolea sampuli guniani, limeangukia hapo, na mzigo mbovu unaweza kupita kwa bahati kama sampuli imetoka gunia safi. Choma bambo kwenye magunia mengi uwezavyo, juu na chini, changanya vizuri, ndipo utoe sampuli ya maabara. Chagua mahindi yaliyokaushwa juu ya turubai badala ya udongo mtupu. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au zenye rangi ya kijani iliyofifia ziondoke kabla ya kupima, kwa sababu ndizo zinazobeba sumu nyingi. Na safari yenyewe inaharibu: magunia yaliyopakiwa jioni yakiwa moto, yakafunikwa turubai lisilopitisha hewa, yanatoa jasho usiku. Yaliondoka Arusha na 13.2, yanafika na safu ya juu imelowa. Wekeni vipande vya mbao sakafuni mwa lori na muache turubai lipumue ubavuni kama hakuna mvua.

Makaratasi ya nafaka yafuate mpangilio huu, kwa sababu kila moja linaegemea lililotangulia. KEPHIS, shirika la afya ya mimea la Kenya, Nairobi, inatoa kibali cha kuingiza mazao ya mimea, na huombwa kabla mzigo haujaondoka ulikotoka. Kibali hicho ndicho kinachoambia mamlaka ya afya ya mimea ya Tanzania, TPHPA, masharti ya kukagulia, nayo inatoa cheti cha afya ya mimea. Aliyeanza na cheti cha Arusha bila kibali cha Nairobi ana karatasi halali isiyojibu swali aliloulizwa. Upande wa Tanzania, tangu 2023 serikali imesisitiza anayesafirisha nafaka nje awe na leseni ya biashara, namba ya mlipakodi na kibali cha Wizara ya Kilimo. Mkenya anayezunguka vijijini Babati au Karatu na pesa taslimu anajiweka pabaya. Njia nyepesi ni kununua kwa Mtanzania mwenye leseni anayeshughulikia upande wa kutokea, wewe ushughulikie wa kuingilia. Risiti ya ushuru wa mazao wa halmashauri nayo isafiri na mzigo, maana vizuizi vya barabarani kabla ya Longido havijui habari za cheti cha asili.

Majina ya hati yalingane herufi kwa herufi. Kibali kikiwa kwa jina la kampuni na ankara kwa jina lako binafsi, hapo ni kurudi mwanzo.

Mifugo na vifaranga

Usijaribu bila kibali cha daktari wa mifugo cha pande zote mbili. Mwishoni mwa Oktoba 2017, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vilichomwa moto na mamlaka za Tanzania hapo Namanga kwa hofu ya mafua ya ndege, na kipindi hicho hicho ng'ombe wa wafugaji wa Kenya waliokuwa wamevuka kutafuta malisho walipigwa mnada. Uhusiano wa serikali ulitengemaa baadaye, vifaranga havikurudi.

Gari

Kadi za njano ni mbili, moja ya mwili (cheti cha homa ya manjano) na moja ya gari, na wapo wanaobeba moja wakidhani wamemaliza. Ya gari ni bima ya mtu wa tatu ya mpango wa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki kwenye mpango wa bima, kwa hiyo kadi inakubalika. Iombe kwa kampuni yako ya bima Nairobi na uhakikishe Tanzania haijafutwa kwenye orodha ya nchi iliyochapwa kwenye kadi.

Forodha ya Tanzania itakupa kibali cha kuingiza gari kwa muda. Watataka kitabu cha gari. Gari likiwa la mkopo na jina la benki limo, beba barua ya benki. Likiwa la mtu mwingine, barua yake pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Tarehe ya mwisho ya kibali iheshimu, na wakati wa kutoka kifungwe kwenye mfumo. Kibali kisichofungwa kinaonyesha gari bado liko Tanzania, na safari ijayo litakataliwa.

Ukiondoka Namanga, mwendo kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na askari wenye kamera ya mwendo wako kazini kweli. Faini hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ile wenyeji wanaiita kontroo namba. Kila malipo halali ya serikali Tanzania yana namba hiyo, kama vile Kenya yalivyo kwenye 222222 ya eCitizen. Anayetaka taslimu bila namba hana cha kukukatia risiti.

Pesa

Wabadilishaji wa barabarani Namanga wana bei nzuri kuliko unavyotarajia na mikono myepesi kuliko unavyoona. Kwa kiasi kikubwa tumia benki au duka lenye leseni, udai risiti. Njia safi zaidi ni kumlipa muuzaji moja kwa moja: tangu 2015 M-Pesa ya Safaricom na ya Vodacom Tanzania zinatumiana, na ujumbe wa muamala unakuwa ushahidi wa thamani mbele ya forodha. Dola usizitegemee kwa manunuzi ya ndani. Tangu 2025 Tanzania imekataza bidhaa na huduma za ndani kulipwa kwa fedha za kigeni.

Ukifika Arusha

Kumuuzia mfanyabiashara Mtanzania mzigo uliovusha ni sawa. Kukaa chini na kufungua meza ni jambo lingine. Tangu Julai 2025, amri ya Tanzania inawakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo za jumla na rejareja, uwakala wa pesa za simu, ukarabati wa simu na saluni. Adhabu iliyotangazwa ni faini isiyopungua Sh 10,000,000 za Tanzania, kifungo kisichozidi miezi 6, na kufutiwa kibali cha kukaa. Mwenyeji anayekukopesha jina lake naye anaadhibiwa. Kenya ililalamika kwamba hilo linapingana na Soko la Pamoja, na hoja ina uzito, lakini hoja hiyo haitakusaidia ukiwa umeshikwa na meza yako Soko Kuu.

Ndiyo maana Busia, iliyozinduliwa Februari 2018 kwa mfumo huo huo wa kituo cha pamoja, inampa mfanyabiashara mdogo nafasi pana zaidi: kitambulisho kinatosha, na Kenya na Uganda zimefutiana ada za vibali vya kazi. Kwa jengo na barabara, Namanga haizidiwi. Kwa uhuru wa mtu aliye na mtaji wa laki mbili, Busia iko mbele.

Njia za panya na malalamiko

Bodaboda wa vichochoroni wapo, na bei yao ni ndogo kuliko kipimo cha maabara. Chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, mzigo wa magendo hutaifishwa pamoja na chombo kilichoubeba. Zaidi ya hapo, bidhaa iliyoingia bila cheti haiwezi kuuzwa kwa supamaketi wala shule Nairobi, maana wataulizia karatasi.

Ukikwamishwa bila sababu ya kisheria, anza na dawati la taarifa za biashara hapo kituoni; kazi yao ni wafanyabiashara wadogo, na mara nyingi wanamjua msimamizi wa zamu. Lisipotatuka, andika lalamiko kwenye tradebarriers.org, mfumo wa pamoja wa Jumuiya, COMESA na SADC wa vikwazo visivyo vya ushuru. Lalamiko lenye hasira na lisilo na namba halifiki mbali. Weka tarehe na saa, jina la taasisi na dawati, msimbo wa bidhaa (mahindi 1005.90, vitunguu maji 0703.10), thamani ya mzigo, namba ya kila hati uliyowasilisha, sababu uliyopewa kwa maneno yao, na picha ya risiti ya kila malipo. Kama walikataa kukupa sababu kwa maandishi, andika hivyo pia, kwa sababu hicho ni kipengele cha lalamiko.